Orodha ya Jiji Huandikwa Kiangazi: Namna Miji ya Minnesota Inavyopanga Maombi Yake kwa Bunge la Jimbo

Shikamooni wazee wetu, na vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kutoka kwenye baridi hii.

Swali lililotuleta hapa ni jepesi kulitamka: jiji lenu linapokwenda St. Paul, makao makuu ya jimbo letu la Minnesota, kuomba jambo kwa Bunge la Jimbo, ni nani aliyeamua liombe hili na si lile? Nalijibu mapema ili tusizungushane. Huamuliwa kati ya Juni na Desemba, ndani ya jengo la jiji, na watu wachache, wakati wengi wetu tuko kwenye mbuga za mapumziko tunachoma nyama. Bunge linapofunguliwa, Januari au Februari, orodha imekwisha kupitishwa. Mwenye hoja anayeanza kuhangaika mwezi wa Machi amefika sokoni watu wanakunja mikeka.

Kwanza, kwa nini jiji liombe? Mliokulia Kenya mmezoea kaunti ambazo kazi zake zimeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na mgao wa kaunti zote, usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, umelindwa humo humo. Mliotoka Tanzania mnazijua halmashauri zilizoundwa kwa sheria za mwaka 1982. Marekani inafanana zaidi na hiyo ya pili. Katiba ya nchi hii haitaji jiji hata mara moja. Jiji ni mtoto wa jimbo. Hapa Minnesota lina uwezo liliopewa na sheria za jimbo, na wajumbe 201 wa Bunge, yaani maseneta 67 na wawakilishi 134, wanaweza kuuongeza uwezo huo au kuupokonya.

Tuanze na mwendo wa magari, maana ni mfano ninaotaka mwende nao nyumbani. Kwa miaka mingi mtaa wa kawaida wa makazi mjini ulikuwa na kikomo cha maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, kwa sababu sheria ya jimbo ilisema hivyo. Mzazi alikuwa akimlilia diwani kwamba magari yanapita mbio mbele ya nyumba yake, na diwani hana la kufanya. Hata baraza zima la jiji halikuwa na la kufanya. Ndipo majiji yalipoliomba Bunge mamlaka tu, bila kudai senti. Mwaka 2019 yakaipata, kwa sharti kwamba jiji liweke utaratibu unaotokana na uchambuzi wa usalama, uhandisi na wingi wa magari, na kwamba vikomo vipangwe kwa mtindo mmoja unaoeleweka. Mwaka 2020 Minneapolis na St. Paul zikashusha mitaa mingi ya makazi hadi maili 20. Mabango yaliyosimama mtaani kwenu leo yalianzia kwenye mstari mmoja katika orodha ya maombi.

Ombi la mamlaka, basi, ni aina ya kwanza. Aina ya pili ni fedha, nitaifikia. Ya tatu ni ulinzi, na hiyo watu huisahau kabisa. Baraza la Minneapolis lilipitisha mwaka 2016 marufuku ya mifuko ya plastiki madukani, ianze Juni 1, 2017. Siku chache kabla ya kuanza, sheria ya jimbo ikatoka: hakuna jiji litakalopiga mifuko marufuku. Kazi yote ikafutika. Wanasheria waliporudi kuisoma sheria ile kwa utulivu, waliona kwamba imekataza marufuku, haikukataza ada. Mwaka 2019 baraza likapitisha ada ya senti 5 kwa mfuko. Kwa hiyo kila orodha nzuri ina sehemu inayosema waziwazi: haya tuliyo nayo, tunaomba yasiguswe.

Ruzuku ya jimbo kwa miji iko hapo hapo. Ilianza mwaka 1971, inagawanywa kwa fomula, na hulipwa kwa mikupuo miwili, Julai 20 na Desemba 26. Mnamo Desemba 2008 gavana aliikata siku chache kabla ya mkupuo wa pili, wakati jiji limekwisha kutumia bajeti ya mwaka mzima. Aliyeona wahasibu wa miji midogo wakihangaika wiki ile haulizi tena kwa nini ruzuku inatajwa katika orodha kila mwaka hata kama hakuna nyongeza inayodaiwa.

Sasa twende kwenye kalenda. Majiji hayafanani, lakini katika jiji lenye ofisi ya mahusiano na serikali nyingine, hiyo inayosimamia washawishi, yaani watu wanaolipwa kuitetea hoja ya jiji mbele ya wabunge, mambo huenda hivi. Juni au Julai ofisi hiyo hupeleka fomu kwa wakuu wa idara: barabara, maji, zimamoto, afya, nyumba, polisi. Agosti na Septemba fomu hurudi na kuchujwa. Oktoba rasimu hupelekwa kwenye kamati ya baraza. Novemba au Desemba baraza zima hupiga kura, meya hutia sahihi, kisha wabunge wanaowakilisha eneo la jiji huitwa kwenye kikao cha asubuhi na kusomewa. Katika mwaka wa uchaguzi wa Bunge ni busara kusubiri matokeo ya Novemba kabla ya kura ya mwisho, maana mwenyekiti wa kamati ya Bunge mliyemtegemea huenda hayupo tena.

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja, na ndiyo moyo wa shughuli yote. Inauliza tatizo kwa sentensi mbili. Inauliza kifungu gani cha sheria kibadilishwe, na maneno gani yaingie. Inauliza fedha kiasi gani, mwaka gani, mara moja au kila mwaka. Inauliza miji gani mingine inataka jambo hilo, na nani atapinga. Halafu linakuja swali linaloangusha maombi mengi kuliko yote: je, jiji haliwezi kulifanya lenyewe leo? Kama baraza linaweza kulipitisha kwa amri yake ya Jumanne ijayo, kulipeleka St. Paul ni kujifunga kamba mwenyewe, kwa sababu umekiri mbele ya Bunge kwamba huna uwezo uliokuwa nao.

Niwaonyeshe tofauti ya maandishi. Sentensi "Jiji linaunga mkono nyumba za bei nafuu" haiwezi kukataliwa na mtu, kwa hiyo haiwezi kumsaidia mtu. Mbunge ataitikia kwa kichwa, na mazungumzo yameisha. Sasa ombi likitaja kifungu kinachozuia, likaandika neno la kufuta na neno la kuweka, likasema ni wapangaji wa aina gani watakaofaidika, mbunge anaweza kulipeleka ofisi ya waandishi wa sheria mchana huohuo. Mtu akikuletea kanzu iliyokwisha kukatwa, kushona ni rahisi.

Fedha za majengo zina njia yake, na hapa ndipo ninapoona hoja za haki zikifa kwa sababu ya tarehe. Jimbo hukopa kwa hatifungani, yaani hati za deni linazowauzia wawekezaji, na kujenga vitu vya umma vinavyodumu. Tuseme mnataka kituo kipya cha zimamoto cha dola milioni 12. Maombi ya serikali za mitaa hupokelewa na wizara ya fedha ya jimbo katika kiangazi cha mwaka witiri, usiogawanyika kwa mbili kama 2023, kwa ajili ya muswada wa mwaka shufwa unaofuata, kama 2024. Kwa kawaida jimbo halitoi zaidi ya nusu, kwa hiyo ombi lenu ni milioni 6 na jiji lazima lionyeshe milioni 6 zake zinatoka wapi. Baraza linapitisha azimio la kuunga mkono. Na kama jiji limeleta maombi matatu, azimio linataja lipi la kwanza, lipi la pili, lipi la tatu. Lazima mmiliki awe chombo cha umma. Ukumbi unaomilikiwa na msikiti, kanisa au chama chetu hauingii mlango huu, hata kama kila mtu mtaani anautumia.

Muswada wa hatifungani unahitaji kura tatu kwa tano kila upande: 81 katika Baraza la Wawakilishi na 41 katika Seneti. Hakuna chama kinachofika hapo kirahisi peke yake, ndiyo maana hukwama. Mwaka 2022 haukupita. Mwaka 2024 haukupita. Mradi uliokadiriwa kwa mwaka wa kwanza ukirudishwa mwaka wa tatu na tarakimu zile zile, ni aibu ya kujitakia. Bei za saruji na chuma hazikusubiri. Mhandisi arudie makadirio kila duru. Na kumbukeni: hata muswada ukipita, fedha haziachiliwi mpaka gharama yote ya mradi iwe na chanzo kilichothibitishwa. Milioni 6 za jimbo zinaweza kukaa zinatazamwa tu kwa sababu jiji lina milioni 5.

Kodi ya mauzo ya jiji ni ngumu zaidi. Duluth iliwauliza wapiga kura wake Novemba 2017 kama wanakubali nusu asilimia ya ziada kwa ajili ya kutengeneza barabara. Wakakubali kwa kura nyingi. Lakini Bunge halikutoa ruhusa mpaka 2019, na mashimo ya barabarani yakaendelea kula magurudumu. Tangu mwaka huo utaratibu umegeuzwa: ruhusa ya Bunge kwanza, kura ya wananchi baadaye. Azimio la baraza, likitaja kiwango, jumla itakayokusanywa, muda, na ushahidi kwamba mradi unawafaa hata watu wa nje ya jiji, lazima liwafikie wenyeviti wa kamati za kodi kufikia Januari 31. Na wakati mwingine mlango mzima hufungwa: mwaka 2023 Bunge lilisimamisha kodi mpya za namna hiyo mpaka 2025. Jiji lililokuwa na kodi hiyo kileleni mwa orodha lililazimika kupanga upya.

Kupanga nafasi ndiko kwenye ugomvi. Idara kumi zikileta maombi manne manne, una arobaini. Mshawishi mmoja au wawili hawawezi kubeba arobaini. Maombi huwekwa katika ngazi: machache ambayo jiji lenyewe litayaandikia muswada na kuyatafutia mbunge, mengine ambayo jiji litayaunga mkono kwa barua na ushahidi yakiletwa na wengine, mengine ni ya kufuatilia tu. Kwa maoni yangu ngazi ya juu isizidi matano, na mwaka wa bajeti ngumu yawe matatu. Diwani atakasirika kwamba la kata yake limeshushwa. Afadhali akasirike Oktoba kuliko Mei, kwa sababu Mei mwenyekiti wa kamati humtazama mshawishi na kumuuliza, "Katika haya yote, nikikupa moja, unataka lipi?" Mshawishi asiye na jibu lililopigiwa kura na baraza atajibu kwa kichwa chake, na hapo ndipo vipaumbele vyenu vinapoamuliwa na mtu ambaye hamkumchagua.

Hapa nawaomba nyinyi mlio kwenye kamati za ushauri za jiji na vyama vya mtaa msikilize sana. Hoja yenu ipelekwe kwa mkuu wa idara mwezi wa Mei, kabla fomu haijatoka, na diwani apewe nakala. Idara ikiimiliki, itaitetea wakati wa mchujo mahali ambapo nyinyi hamuingii. Ikiletwa na diwani peke yake bila idara, mara nyingi huangukia ngazi ya barua.

Baada ya kupitishwa, kila ombi la ngazi ya juu linahitaji mbebaji katika kila upande, mwakilishi mmoja na seneta mmoja, na miswada miwili pacha yenye maneno yale yale. Mbebaji bora ni yule anayekaa kwenye kamati itakayousikiliza. Jirani yenu mpendwa asiyekaa kwenye kamati hiyo atawafaa kama mwenzake wa kuweka jina. Kamati zina tarehe za mwisho. Muswada usiosikilizwa kabla ya tarehe yake hubaki palepale, labda maneno yake yaingizwe katika ule muswada mkubwa unaobeba miswada mingi tumboni. Wiki za mwisho, pande mbili zikipatanisha matoleo yao, wafanyakazi wa Bunge hutoa jedwali lenye safu mbili, toleo la huku na toleo la kule. Mshawishi wa jiji hukaa nalo mstari kwa mstari. Neno "linaweza" likigeuka "lazima" katika safu moja, jiji limebebeshwa mzigo usio na fungu.

Lingine linaloumiza ni jiji kujipinga lenyewe. Orodha inasema hivi, diwani aliyeshindwa kwenye kura anakwenda kutoa ushahidi kinyume chake. Ana haki ya kusema kama mwananchi, lakini aseme hivyo, asikae nyuma ya cheo. Na azimio jipya la baraza mwezi wa Machi, lililopitishwa kwa sababu ya kelele za wiki moja, huwachanganya wabunge waliokwisha kuahidi jambo la Desemba. Kuwe na kanuni: ombi jipya liingie katikati ya kikao kwa kura ya baraza zima tu, na litajwe lipi linashuka ngazi.

Namalizia na karatasi moja. Bunge likipitisha sheria inayohusu jiji lenu peke yake, mara nyingi haianzi kazi kwa sahihi ya gavana. Baraza la jiji lazima liikubali kwa azimio, kisha cheti cha kukubali kiwasilishwe kwa Katibu wa Jimbo kabla ya siku ya kwanza ya kikao cha kawaida kinachofuata. Kisipowasilishwa, sheria huhesabiwa kuwa imekataliwa, na mnaanza upya, fomu, idara, mbebaji, kamati, yote. Jiji lenu likipata sheria yake mwaka huu, mpigieni simu karani wa jiji mwezi wa Agosti mumwulize namba ya azimio na tarehe ambayo cheti kilipokelewa St. Paul.