Mtoto Anayekoroma, na Maisha Baada ya Kuondolewa Mafindofindo

Wazazi, na wauguzi mliotoka zamu mkapitia hapa kabla ya kwenda nyumbani, karibuni.

Mtoto wa miaka minne amelala mdomo wazi, kichwa amekirudisha nyuma, anakoroma kama mzee. Mfunueni shati. Akivuta pumzi mbavu zinabonyea, na pale chini ya koo panaingia shimo. Ghafla kimya. Mama anangoja. Mtoto anagutuka, anavuta hewa kwa kishindo, anajigeuza. Mto umelowa jasho. Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zimekuwa kubwa, na misuli ya koo ikilegea usingizini njia ya hewa inaziba. Jirani atakwambia kalala fofofo. Wapi!

Swali ninaloulizwa kwanza ni la darasani: akifanyiwa upasuaji, atafaulu? Mimi siahidi. Mwaka 2013 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 464, wa miaka 5 hadi 9. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likasubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi 7, vipimo vya umakini havikutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Ila tabia, usingizi na hali ya maisha kwa jumla vilikuwa bora zaidi kwa waliopasuliwa. Kipimo cha kupumua usingizini kilirudi kawaida kwa asilimia 79 yao, na kwa waliosubiri asilimia 46. Hiyo 46 msiiruke. Daktari akisema mtoto huyu tumwangalie kwanza miezi kadhaa, hajawafukuza.

Hali ya maisha tunaipimaje? Lipo dodoso liitwalo OSA-18, maswali 18 anayojibu mzazi: usingizi, mafua na shida ya kumeza, hasira, kusinzia mchana, na mwishoni wasiwasi wa mzazi mwenyewe. Aliyelitunga alifikiri vizuri. Mama anayekesha mkono ukiwa kifuani kwa mwanawe, kesho yake kazini akasinzia, naye anaugua ugonjwa huohuo.

Nafuu haiji asubuhi ya pili. Wiki ya kwanza na ya pili ni maumivu, mdomo unanuka, na kooni kuna utando mweupe ambao wengi hudhani ni usaha. Ni kidonda kinapona. Mpeni maji mara kwa mara, uji uliopoa, na dawa ya maumivu kwa saa zake, msingoje alie. Kodeini, mojawapo ya dawa za maumivu, hapana: miili mingine huigeuza kuwa mofini, dawa kali zaidi, haraka mno, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Kati ya siku ya 5 na ya 10 utando hubanduka. Mkiona damu mbichi, hata ikikoma yenyewe, hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto mnene anaweza kuendelea kukoroma hata baada ya upasuaji. Arudi apimwe tena, na uzito ushughulikiwe.

Na bibi akisema akakatwe kimio? Shikamoo bibi, lakini hapana. Kimio si mafindofindo. Njia inabaki imeziba vilevile, na mmemwongezea mtoto hatari ya kuvuja damu na kuoza kidonda.

Leo usiku, kama mna mashaka, wekeni simu karibu, mrekodi dakika chache kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika. Kliniki mchana mtoto yuko macho, anacheza, na daktari haoni kitu. Mwonyesheni hiyo video kabla hamjaanza kueleza.