Jumamosi na watoto kwenye msitu wa mwani, Monterey

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo tuko Monterey, California, mimi na baba watoto na watoto wetu, ndani ya jumba la samaki la Monterey Bay Aquarium. Sauti ikipotea mnivumilie. Ni Jumamosi, watu wamejaa na kila kona kuna mtoto anapiga kelele za furaha.

Wengi wenu mliniomba niwaonyeshe papa. Papa wapo, yule pale anapita, mwenye mabaka mgongoni. Ila leo nataka mumwache apite, mtazame alichokizunguka. Huo ni mwani. Ngoja nisogeze kamera juu, juu zaidi... mnaona unapoishia? Tangi hili lina kina cha mita 8.5, na mwani umeota kutoka chini mpaka umefika juu ukajilaza kwenye maji. Si plastiki, ni mwani hai. Huko baharini, hali ikiwa nzuri, unaweza kurefuka hadi nusu mita kwa siku moja. Humu ndani wapiga mbizi huingia kuupunguza, la sivyo ungefunika maji yote na jua lisipenye.

Na jua ni la kweli, maana juu ya tangi hakuna paa.

Sasa angalieni majani. Yanakwenda, yanarudi. Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini, kila unachohitaji unakipata kwenye maji yanayopita majanini. Maji yakitulia, unadhoofika. Kwa hiyo ilibidi iundwe mashine ya kusukuma maji humu, na aliyeibuni ni David Packard mwenyewe, yule mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hewlett-Packard, ambaye familia yake ndiyo iliyotoa fedha za kujenga jumba hili. Lilifunguliwa mwaka 1984, mahali palipokuwa kiwanda cha kusindika sadini. Sadini walivuliwa mno wakaadimika, viwanda vya mtaa huu vikafungwa kimoja baada ya kingine.

Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya maji yenyewe. Yanavutwa kutoka hapo nje, kwenye ghuba. Mchana yanachujwa ili sisi wageni tuone vizuri. Usiku, watu wakishaondoka, yanaachwa yaingie bila kuchujwa, na vijidudu vyake vyote. Hapo ndipo viumbe walioshikamana na miamba wanapokula. Na katika maji hayo huingia pia mayai na vichanga vya viumbe wengine, wanatua, wanakua. Kwa hiyo ukitazama ule mwamba, baadhi ya hao waliouganda hakuna mtu aliyewaleta. Wamejileta wenyewe! Mwanangu mkubwa aliposikia hilo alirudi kwenye kioo akaanza kuuliza kila kiumbe: huyu kaletwa, au kaja?

Tumekaa hapa muda mrefu. Sakafuni, ndiyo, kila mtu anakaa sakafuni.

Haya, twendeni kwa fisimaji wa baharini. Huyo anayeelea chali! Sili na nyangumi hujikinga na baridi kwa mafuta mazito chini ya ngozi. Fisimaji hana mafuta hayo, ana manyoya tu, na hakuna mnyama mwenye manyoya yaliyosongamana kama yake: sentimita moja ya mraba inaweza kuwa na nywele zaidi ya 100,000. Ndiyo maana hachoki kujisugua na kujipapasa, manyoya yakichafuka baridi inamuua. Na manyoya hayohayo ndiyo yaliyomponza. Aliwindwa kwa ajili yake hadi kufikia mwaka 1911, mkataba wa kimataifa ulipomkinga, pwani hii ya California ilikuwa imebaki na kikundi kidogo tu. Leo wako takriban 3,000.

Mtoto wa fisimaji akipotezana na mama yake, hukutwa ufukweni akilia. Hapa wanampa mama wa kumlea, jike ambaye mwenyewe hawezi tena kurudishwa baharini. Huyo ndiye humfundisha kupiga mbizi, kutafuta chakula, kupasua gamba kwa jiwe. Watu wanaomhudumia hujifunika nguo nyeusi mwili mzima, na uso pia, ili asizoee binadamu. Akiwazoea, hawezi kuachiwa. Binti yangu akaniuliza: mama, mtoto akienda baharini, yule mama anabaki peke yake? Nikamwambia analetewa mwingine wa kulea. Akanyamaza kidogo, akasema, basi ana watoto wengi sana. Jamani.

Na huyu fisimaji anahusika na ule mwani. Chakula chake kimojawapo ni wale viumbe wa miiba, wa duara, wanaokuchoma ukiwakanyaga. Wao hula mwani. Wakikosa wa kuwapunguza, wanaweza kuula msitu mzima pakabaki mawe matupu.

Kuna na yavuyavu kwenye vyumba vya giza, wanapendeza, nitawawekea picha. Kuna bwawa ambamo watoto wanagusa mgongoni samaki bapa aitwaye taa. Nyoosheni kiganja, msimshike, mwacheni apite chini ya mkono. Mwanangu mdogo anasema ameloa kama ulimi.

Mtakaokuja na watoto wadogo, fikeni milango inapofunguliwa, na msitake kuona kila kitu. Chagueni matangi machache mkae nayo. Mtoto akikwama kwenye kioo kimoja, mwacheni akwame.

Subirini... baba watoto anatupungia mkono. Mpiga mbizi ameingia kwenye mwani kulisha samaki, ana kipaza sauti ndani ya barakoa, anajibu maswali ya watoto akiwa humohumo majini. Na anayenyoosha kidole mbele pale ni wa kwangu. Njooni tusikie anauliza nini.