Anayekula Bila Kutoa: Hesabu ya Mifugo Tunayoisahau

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha.

Mada ya mustakabali wa ufugaji hufunguliwa kwa idadi ya watu, nami sitaikwepa. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba tulifika bilioni 8 mwezi Novemba 2022, na makadirio yake yanatuweka karibu na bilioni 9.7 ifikapo 2050. Baada ya hapo mzungumzaji huzidisha walaji, akazidisha ng'ombe, ukumbi mzima ukashika tama. Mimi naomba tuanzie kwingine: tumboni mwa ng'ombe mmoja.

Ng'ombe wa kilo 400, hata asipotoa tone la maziwa, lazima ale ili apumue, atembee na moyo wake udunde. Nishati ya kumweka hai kwa siku inakaribia ile inayohitajika kutengeneza lita 10 za maziwa. Sasa pigeni hesabu. Anayetoa lita 2 anatumia sehemu tano kati ya sita za chakula chake kwa kuishi tu. Anayetoa lita 20 anatumia theluthi moja. Na chakula chote hicho, cha kuishi na cha maziwa, huzalisha methani, gesi inayoongeza joto la dunia. (Naona mmeanza kucheka. Wengi hudhani gesi hiyo hutokea nyuma. Nyingi hutoka mdomoni, mnyama anapobeua.)

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tuongeze wanyama wangapi, mimi huuliza ni wangapi kati ya waliopo wanaokula bila kutoa. Mtamba anayezaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne badala ya miwili amelishwa miaka miwili ya bure. Ndama akifa, malisho yote ya ile mimba yamekwenda naye. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hukamuliwa kama kawaida, kisha maziwa yanamwagwa.

Ndiyo sababu mimi huanza na chanjo, wakati wengine wanaanza na mitambo. Sotoka, tauni iliyokuwa ikifyeka mazizi kwa karne nyingi, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili kufikia hapo, baada ya ndui. Katika maeneo yasiyofikika kirahisi kazi ilikamilika pale ilipopatikana chanjo inayostahimili joto, na wafugaji wenyewe wakafunzwa kuchanja. Sijawahi kusikia mtu akiihesabu miongoni mwa hatua za kulinda tabianchi. Ningeiweka juu kabisa.

Baada ya afya, lishe. Hapa pana ubishi halali. Takriban asilimia 86 ya wanachokula mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hali: nyasi, mabua, pumba, mashudu. Mnyama anayecheua hugeuza hayo kuwa maziwa na nyama, jambo ambalo tumbo letu haliwezi kamwe. Lakini karibu theluthi moja ya nafaka ya dunia nayo huishia kwenye vihori. Kuku husifiwa kwamba gesi yake ni ndogo kwa kila kilo ya nyama, nayo sifa hiyo ni ya kweli, ila kuku huyo anakula kutoka chungu chetu. Ukiniuliza yupi bora, nitakuuliza unamlisha nini.

Kuna mwani mwekundu unaopunguza methani ukichanganywa kwenye chakula. Napenda utafiti huo. Lakini unafaa pale mnyama anapolishwa kihorini kila siku. Anayezunguka malishoni kutwa, nani atamfuata na ndoo?

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hesabu yangu ya lita 2 na lita 20 ina mtego. Ng'ombe wa lita 20 anataka lishe nono, mara nyingi nafaka, na joto humsumbua kuliko yule wa lita 2. Ukimsukuma kupita kiasi utamlea kwa dawa, na usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa hizo hauishii zizini. Tena, mfugaji akiona faida kwa ng'ombe watano hana sababu ya kubaki na watano. Ataongeza wa sita. Hilo halitatuliwi na daktari wa mifugo. Linategemea ardhi ni ya nani, na wale ambao tayari wanakula nyama nyingi kila siku wako tayari kupunguza kiasi gani.

Nimeona mikono miwili imeinuliwa kule nyuma. Tuanze na huyo mama.