Gawio Si Zawadi

Ndugu zangu, wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua naanzia wapi. Naam, naanzia palepale: gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, si zawadi. Ni maji uliyochotewa kutoka mtungi wako mwenyewe.

Nilipoanza kununua hisa nilijiona mjanja. Kampuni ikatangaza gawio, nami nikanunua siku ya mwisho kabla haki ya kulipwa haijakatika. Usiku huo nililala nikihesabu fedha za bure. Kesho yake soko linafunguliwa, bei imeshuka karibu kiasi kilekile cha gawio! Nikampigia dalali wangu, nafoka, nimeibiwa. Akaniuliza swali moja tu: "Hizo fedha ulidhani zinatoka wapi?" Nikakosa jibu. Na gawio lenyewe lilipoingia, kodi ilishakatwa. Ujanja wote ule, nikatoka na hasara.

Mtaniambia: mbona kampuni fulani ilitoa gawio na bei haikutikisika? Gawio la senti chache humezwa na purukushani za soko za kila siku, huwezi kuliona. Tazameni gawio kubwa. Mwaka 2004 Microsoft ilitoa gawio maalumu la dola 3 kwa hisa iliyokuwa chini kidogo ya dola 30. Siku hisa zilipoanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo, bei ilianguka kwa zaidi ya dola 2. Hapo hata asiyetaka kuona aliona.

Haya, kampuni kununua hisa zake yenyewe. Hapa ndipo watu hushangilia: "Hisa zimepungua, lazima bei ipande!" Taratibu. Kampuni ina thamani ya dola 1,000 na hisa 100. Kila hisa dola 10. Ikitoa gawio la dola 100, una hisa ya dola 9 na dola 1 mkononi. Ikitumia dola hizohizo kununua hisa zake 10, thamani inabaki 900, hisa 90. Gawanyeni. Kumi ileile! Faida kwa kila hisa itaonekana imenona, na wakurugenzi wanaolipwa bonasi kwa kipimo hicho wanalijua hilo kuliko mimi.

Tofauti huja kwenye bei ya kununulia. Wakilipa dola 20 kwa hisa ya dola 10, wanapata hisa 5 tu. Sisi wenye zile 95 tunagawana 900, yaani dola 9.47 kila moja. Aliyeuza ndiye aliyekula. Wakinunua kwa dola 5, tunabaki na hisa 80 za dola 11.25.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwasimulia wachumi Modigliani na Miller, walioonyesha mwaka 1961 kwamba gawio peke yake haliongezi thamani ya kampuni, basi tena. Kodi ya asilimia 1 ya Marekani kwa kampuni zinazonunua hisa zake, tangu 2023, basi tena. Ndugu yangu pale nyuma umenyoosha mkono tangu nianze, uliza. Ila kama ni "gawio lijalo lini", keti.