Tangawizi ya Bibi na Neno "Chango"

Mabinti, kina mama, na nyie kina baba mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele tuongee maumivu ya hedhi.

Naanza na tangawizi, maana kila nikitaja hospitali kuna anayedhani nimekuja kuwatukana bibi zetu. La hasha. Bibi yangu aliiponda kinuni na maganda yake, akaichemsha mpaka mvuke ukuwashe macho. Unainywa ya moto umejikunja mkekani, kanga iliyopashwa moto iko tumboni. Na hakukosea! Maumivu ya hedhi huletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoukamua mfuko wa uzazi. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya wanafunzi 150: waliopewa unga wa tangawizi miligramu 250 mara 4 kwa siku, siku 3 za mwanzo, walipata nafuu sawa na waliomeza ibuprofeni, dawa ya maumivu ya dukani. Joto la tumboni nalo limepimwa, linasaidia.

Sasa kinachonikera ni hili neno "chango", jina la mtaani la kila shida ya tumbo la uzazi. Binti kajikunja, chango. Katokwa damu siku 9, chango. Miaka 5 ya ndoa hakuna mimba, chango. Tendo la ndoa linamuuma, chango! Maradhi manne, jina moja, chupa moja.

Mpwa wangu alikunywa dawa ya chango miaka 3. Mizizi, magome, chupa zimejipanga chini ya kitanda. Siku moja nikamfunua kope la chini: ndani kweupe kama tui. Kumbe ana uvimbe kwenye kizazi, damu inamwishia kila mwezi. Tangawizi itayeyushaje uvimbe, jamani?

Najua mtasema, "Mbona hata zahanati walimpa panadoli wakamrudisha nyumbani?" Kweli, walimrudisha mara 2, na hilo linaniuma vilevile. Shirika la Afya Duniani linakadiria endometriosisi, yaani nyama kama ya utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, inampata mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, na wengi huzungushwa miaka kabla ya kuambiwa wana nini. Basi ukirudishwa, rudi tena. Usiseme "naumwa tumbo." Sema: "Nabadilisha pedi kila saa, nimekosa shule siku 4, nikisimama naona giza." Hapo watakuandikia kipimo cha damu na utrasaundi.

Mdalasini na habasoda leo sitavifikia. Mwarobaini kwa kifupi: kwa panya umeonekana kuzuia mimba, kwa hiyo anayetafuta mtoto auache.

Haya, binti mwenye ushungi wa kijani, umenyoosha mkono muda mrefu. Uliza.