Mfuko wa Ruzuku Unaishia kwa Nani?

Ndugu wakulima, watendaji wa vijiji na mabwana shamba, tuanze na mfuko wenyewe. Ekari moja ya mahindi, ukipanda sentimita 75 kwa 30, ina mashimo karibu 18,000. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye kirutubisho cha fosforasi, ukiugawa humo, kila shimo linapata chini ya gramu 3, kama nusu ya kifuniko cha soda. Mfuko mmoja wa kupandia, mmoja wa Urea wa kukuzia mahindi yakifika magotini, pamoja na mbegu bora za ekari hiyo: ndivyo ulivyopimwa mpango wa vocha, karatasi za serikali za kupunguza bei ya mbolea na mbegu, wa msimu wa 2008/09 hapa Tanzania.

Walengwa walichaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume 3 na wanawake 3. Mlengwa awe mkazi anayelima, mahindi au mpunga wake usizidi hekta moja. Kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie, na wale ambao hawajatumia mbolea miaka ya karibuni. Kisha likaja sharti la kulipa nusu ya bei. Mjane ambaye hajawahi kununua mbolea, mara nyingi ni kwa kukosa fedha, na msimu wa kupanda ndio wakati ghala lake limebaki vumbi. Sharti la kwanza linamwita, la mwisho linamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Vocha yake inakwenda wapi? Imechapishwa thamani, na wakala, yaani mwenye duka la mbolea, akiifikisha benki analipwa. Basi anampa mama yule noti chache, mama anasaini daftari, mfuko unabaki dukani na kuuzwa bei kamili. Mkaguzi anayesoma daftari pekee ataona kila kitu kiko sawa. Aende shambani: mahindi machanga yaliyokosa fosforasi huwa na rangi ya zambarau kwenye kingo za majani.

Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro kuhusu vocha za 2009 ulikuta karibu asilimia 60 zimeishia kwa viongozi wa vijiji wenyewe, na hali ilikuwa mbaya zaidi vijiji vya mbali na vile vyenye pengo kubwa kati ya wenye nacho na wasio nacho. Sidhani kila kiongozi alikuwa mwizi. Alikuwa na nusu ya bei mfukoni, na orodha ilikuwa mezani kwake.

Mwaka 2022 ruzuku ilipoanza upya, vocha za karatasi hazikurudi. Mkulima anaandikishwa kijijini, ekari zake zinaingia kwenye mfumo, anapewa namba ya kununulia kwa wakala. Urea iliyokuwa imepita shilingi 120,000 ikashuka hadi 70,000. Ni nafuu ya kweli, na wengi walirudi kuweka mbolea kwa sababu hiyo. Lakini punguzo sasa linafuata ekari. Kwa mifuko miwili kwa ekari na nafuu ya mwaka huo ya 50,000 kila mfuko, mwenye ekari moja anasaidiwa 100,000. Mwenye ekari 20 anasaidiwa milioni 2. Ndiyo maana ekari huongezeka kwenye daftari bila shamba kuongezeka hata hatua moja. Anayelima shamba la kukodi naye huachwa, mwenye ardhi akishajiandikisha kwa shamba hilohilo.

Kuchelewa kwa mbolea ya ruzuku pia kunachagua anayefaidika. DAP haifai kurushwa juu mahindi yakishaota, kwa sababu fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa pale ulipoiweka. Mzigo ukifika wiki tatu baada ya mvua, mwenye akiba alishanunua na kupanda kwa wakati. Aliyeusubiri amepanda bila mbolea.

Watendaji, kabla ya kufunga orodha, isomeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, jina kwa jina, pamoja na ekari na mahali shamba lilipo. Jirani anaujua mpaka wa jirani yake. Ekari zikibishaniwa, nendeni na kamba siku hiyohiyo, mpime, na idadi mpya ya ekari iandikwe mbele ya mwenye shamba na jirani yake.