Mume, Watoto, Mama, na Huu Uyahudi Wangu

Bandugu ba Lubumbashi, jambo yenu! Ba mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na nyie wa Kipushi mnaolalamika kila mara kwamba nawasahau, karibuni. Leo sizungushi kamera Matonge wala sisemi bei ya pondu hapa Brussels. Tunakaa jikoni kwangu, maana maneno yamekuwa mengi, na mengine yamemfikia mama kabla sijamwambia mwenyewe.

Ni kweli. Ninasoma ili niingie Uyahudi. Nina mume, nina watoto wawili, na sijamkimbia mtu.

Kwanza mniruhusu nicheke kidogo. Kwetu pasta anapuliza pembe la kondoo madhabahuni, anajitanda shuka la sala la Kiyahudi, bendera ya Israeli inaning'inia nyuma ya ngoma, na kanisa zima linaitika amina. Lakini binti wa mtaani akisema anataka kuishika Torati yenyewe, basi amerogwa Ulaya. Na Wayahudi si wageni kwetu. Sinagogi lipo mjini Lubumbashi tangu mji ukiitwa Elisabethville, lilijengwa kama mwaka 1930, na wengi waliosali mle walitoka kisiwa cha Rhodes. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937 akakaa miaka zaidi ya hamsini. Wazee wetu walinunua vitambaa kwenye maduka yao. Wapo hata watu wa kwetu wenye baba wa Rhodes na mama Mkongo. Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, ni mmoja wao. Ila kwa sheria ya marabi, Uyahudi unapita kwa mama. Asiyezaliwa na mama Myahudi anaingia kwa mlango ninaougonga mimi.

Na mlango huo hawaufungui haraka. Rabi niliyemwendea alinikatisha tamaa makusudi, ndiyo desturi yao. Akasema: ukibaki ulivyo, una amri saba za Nuhu tu, zile za watu wote, ukizishika Mungu hana neno na wewe. Ukija kwetu unabeba amri 613 za Torati. Unatafuta mzigo wa nini, mama?

Halafu akauliza swali ambalo hata mama mukwe hajaniuliza: mume wako anasemaje?

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu mnasema dini hii inanivunjia ndoa. Marabi wa Kiorthodoksi, wale wanaoshika sheria ya zamani bila kulegeza, kwa kawaida, hawampokei mke peke yake mume akibaki nje. Kwao Myahudi na asiye Myahudi hawana ndoa kisheria, kwa hiyo wakinipokea mimi tu watakuwa wameivunja nyumba yangu kwa mikono yao. Marabi wa upande wa kiliberali wanaweza kumpokea mmoja, na nilishauriwa nipite huko, ni rahisi zaidi. Sikutaka. Nimelala na huyu mwanaume kitanda kimoja tangu tukiwa wanafunzi. Ikibidi nimsubiri, nitamsubiri.

Naye baba ya watoto, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Usiku mmoja, taa imezimwa, akauliza polepole: «Na mimi, watanikata tena?» Nilicheka mpaka watoto wakaamka. Hapana, bwana. Aliyekwisha kutahiriwa hakatwi tena, wanamtoa tone moja la damu, basi. Tangu usiku ule tunazungumza. Ijumaa anakaa nami mezani. Sinagogi anaingia akitaka, asipotaka hainuki kwenye mpira.

Ukoo wake ndio kazi. Mlezi mmoja alipata habari kwamba tukishaingia wote, marabi watatutenganisha kama miezi mitatu, kisha watatufungisha ndoa upya chini ya kitambaa. Akapiga simu: tulishalipa mahari, sasa huyu anaolewa mara ya pili na nani? Na mahari ya pili nani analipa? Nikamweleza kuna hati inaitwa ketuba, ndani yake mume anaahidi haki ya mke endapo atamwacha au atakufa, na hati anaishika mke. Mlezi akakaa kimya, halafu akaniomba nisiwaambie mashangazi.

Watoto sasa. Mvulana ana miaka saba, huyo anaweza kuingia pamoja nasi, na akifika kumi na tatu ana haki ya kukataa. Dada yake anakaribia kumi na mbili, na kwa msichana huo ndio umri. Akishaupita, hakuna mzazi wa kumwingiza, atasimama mwenyewe mbele ya marabi watatu aseme anataka au hataki. Rafiki yangu aliniambia nifanye haraka kabla hajatimiza. Sitafanya haraka. Ana akili, anasoma Walawi kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifungulia sura ya 11 akasema: mama, vinkubala, viwavi vyetu vya kula, vimekwisha.

Ee, vinkubala vimekwisha. Kambale naye kwaheri, hana magamba. Hilo limeniuma kuliko nguruwe. Bukari, ugali wetu, haina tatizo, makayabo, samaki wa chumvi, hayana tatizo, na kikanda ni mizizi na karanga, kwa hiyo dada zangu endeleeni kunitumia. Nyama na maziwa havichanganywi, kwa hiyo nimenunua sufuria za nyama na sufuria za maziwa mbali mbali, nimezipaka rangi kwenye vishikio, nyekundu na buluu, maana mume wangu akishika mwiko hachagui.

Na wanaouliza kuhusu nywele: siku ya kuzama kwenye maji ya mikve, bwawa la kujitakasa la Wayahudi, mwilini hakibaki kitu. Pete na rangi ya kucha zinatolewa, na rasta zote zinafumuliwa, maji yafike kila unywele. Msusi wangu wa Matonge ameshaniambia siku hiyo atanitoza kufumua kama kusuka.

Mama ndiye aliyebaki. Alilia. Akasema: «Mutoto wangu, juu ya nini unatuacha? Siku nitakufa, utanizika?» Swali hilo nililipeleka kwa rabi kama lilivyo. Akajibu bila kufikiri: anayeingia Uyahudi hana ruhusa ya kumdharau mzazi wake, atamheshimu, na mamangu akifa ninaweza kumsalia sala yao ya wafiwa. Nilimweleza mama. Bado hajaridhika, ila ameacha kunikatia simu.

Sasa Sabato, simu ninazima Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku. Lakini aliye bado njiani kama mimi haruhusiwi kuishika Sabato yote kamili, hiyo ni ya Myahudi. Ni lazima avunje kitu kimoja, hata kidogo. Wengine wanawasha taa. Mimi ninawasha simu, nampigia mama, ninazima tena. Kwa hiyo mama, kesho mchana chaji iwe imejaa, na usimpe pasta aongee, dakika zangu ni chache.